Ikigomea 2, 3, 5 na 7, haijawa tasa bado

Kwenye twisheni za mitaani hapa Mtwara utasikia wanafunzi wakikata shauri haraka: namba ikigoma kugawanyika kwa 2, 3, 5 na 7, basi ni namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ukiacha 1, hadi 120 kanuni hiyo haidanganyi. Inaharibika kwenye 121, ambayo ni 11 × 11, na huko mbele ndiyo usiseme.

Chukua 1,000,001. Tuseme ni korosho, unataka kuzipanga mafungu yaliyo sawa. Ukigawa kwa 3, zinabaki 2. Kwa 7, zinabaki 2. Kwa 11, 13, hata 37, ni zilezile 2, kwa sababu 999,999 inagawanyika kwa zote hizo bila baki. Hapo wengi huweka kalamu chini na kuandika "tasa". Ukivumilia ukafika 101, inakubali: 101 × 9,901.

Sasa utajaribu mpaka wapi? Mpaka kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata ile unayoipima. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo, mbali na 1, kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kwa namba yetu kipeuo hicho ni 1,000 na chembe, na chini ya 1,000 kuna namba tasa 168. Ni kazi, lakini ina mwisho. 1,000,003 inazigomea zote 168, kwa hiyo ni tasa kweli.

Na wanaodhani namba ikiwa kubwa lazima iwe na vigawo vingi: 1,000,003 ina viwili tu, wakati 720,720 iliyo ndogo kuliko hiyo ina 240.