Farasi Mzee wa Kupandwa Anapochechemea: Maswali na Majibu

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenye farasi na masaisi wa Mombasa, hasa wale ambao farasi wao hubeba wageni ufuoni. Mengi yanamhusu pia punda wa mkokoteni, ingawa punda huficha maumivu kuliko farasi na kwa hiyo huhitaji kuangaliwa kwa makini zaidi.

Farasi wangu ana miaka 19. Asubuhi hutoka bandani miguu imekakamaa na saisi anasema ni uzee tu. Je, ni kweli?

Uzee peke yake haumfanyi farasi achechemee. Kinachomfanya achechemee karibu kila mara ni maumivu, na maumivu yana mahali pake na sababu yake. Ni kweli kwamba farasi aliyepandwa kwa miaka mingi huwa na gegedu zilizolika, na ugonjwa huo wa viungo una tabia inayojulikana: mnyama huanza siku kwa hatua fupi na ngumu, kisha akishatembea kwa muda miguu hulainika na mwendo ukawa afadhali. Lakini farasi huyohuyo mwenye miaka 19 anaweza kuwa na jipu ndani ya ukwato, msumari uliozama, au ukano uliochanika, na yote hayo yanatibika yakiwahiwa. Neno "amezeeka" ndilo linalochelewesha matibabu kuliko jambo lingine lolote, kwa kuwa anayelikubali haangalii tena mguu.

Nitajuaje ni mguu upi unaouma?

Mtafute mtu wa pili amshike farasi kwa kamba iliyolegea, bila tandiko wala mpandaji, amkimbize kwa mwendo wa matiti, yaani mbio za taratibu, mahali palipo sawa na pagumu. Barabara ya makabro inafaa kuliko mchanga, kwa sababu juu yake utaona na pia utasikia: mguu unaouma hutua kwa sauti ndogo kuliko wenzake. Mwendo wa matiti ndio unaofaa kwa kuwa farasi hukanyaga miguu miwili kwa pamoja, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma upande wa pili, hivyo kasoro hujitokeza. Akitembea polepole ana nafasi ya kuificha. Kamba ikikazwa kichwa hakiwezi kucheza, na kipimo chote kinaharibika.

Simama mbele yake anapokuja ukitazame kichwa. Mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa hupanda, kwa sababu farasi anajaribu kuuondolea uzito. Mguu mzima ukikanyaga, kichwa hushuka. Kisha simama nyuma yake anapokwenda utazame nyonga zote mbili. Ile inayopanda na kushuka kwa umbali mkubwa kuliko mwenzake ndiyo ya upande wenye maumivu. Ukitaka kuona vizuri, bandika kipande cha plasta nyeupe juu ya kila nyonga.

Kuna mtego mmoja. Maumivu ya mguu wa nyuma yanaweza kufanya kichwa kicheze kana kwamba tatizo liko kwenye mguu wa mbele wa upande uleule. Kwa hiyo usihukumu kwa kichwa peke yake kabla ya kutazama nyonga.

Hachezeshi kichwa kabisa, lakini hatua zimekuwa fupi na siku hizi hujikwaa. Maana yake nini?

Huenda miguu yote miwili ya mbele inauma, na hivyo hana mguu wa kukimbilia. Mzungushe kwenye duara, kwanza upande mmoja kisha wa pili. Mara nyingi mguu ulio ndani ya duara ndio utakaojitangaza. Farasi wa aina hii husemwa kuwa mvivu na huishia kuchapwa, jambo ambalo ni dhuluma.

Mguu nimeshaujua. Nianze kukagua wapi?

Anza chini, kwenye ukwato, hata kama unaona uvimbe juu. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa farasi, na sehemu kubwa ya maumivu ya miguu hiyo hutoka kwenye ukwato wenyewe. Uinue, uusafishe kwa kidude cha kuchokolea kwato, uuoshe, kisha uukague unyayo kwenye mwanga. Ufuoni tafuta kipande cha tumbawe au chupa. Karibu na nyumba zinazojengwa tafuta msumari. Ukikuta msumari na daktari yuko karibu, ni heri uuache ulivyo na kumzuia farasi asiukanyage zaidi, kwa sababu eksirei itaonyesha umefika wapi. Ukiuchomoa, tundu hujifunga na njia yake hupotea. Jeraha la aina hiyo linahitaji pia kinga ya pepopunda, ugonjwa unaowaua farasi kwa urahisi.

Baada ya hapo weka kiganja juu ya ukuta wa ukwato ulinganishe joto lake na la mguu mwingine. Kwenye jua la kaskazi fanya hivyo kivulini, la sivyo zote zitakuwa moto. Kisha weka vidole viwili kwenye pembe za nyuma za kifundo kilicho juu ya ukwato, ndani na nje, utafute mshipa wa damu. Kwa farasi mzima mapigo hayo ni hafifu hata huenda usiyapate. Yakigonga vidole kwa nguvu, kuna uvimbe ndani ya ukwato. Mguu mmoja wenye mapigo hayo, kwa farasi aliyekuwa salama jana na leo hataki hata kuukanyaga, mara nyingi ni jipu. Jipu hukatwa na daktari au fundi wa kwato ili usaha utoke. Wewe unaweza kuuloweka ukwato katika maji ya vuguvugu yenye chumvi ya Epsom wakati ukimngoja.

Anasimama ameitanguliza miguu ya mbele na kuegemea nyuma, hataki kugeuka. Nimtembeze alegee?

Hapana. Huo ni mkao wa ugonjwa wa kuvimba kwa tabaka zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato, nao ni dharura. Tabaka hizo zikilegea mfupa huzunguka na kushuka, na kila hatua unayomlazimisha kupiga huongeza madhara. Mwite daktari saa hiyohiyo, mweke juu ya maranda ya mbao au mchanga mwingi, ondoa nafaka na pumba zote, na upoze kwato kwa barafu. Ile inayouzwa kwa wavuvi inatosha kabisa, ikitiwa ndani ya ndoo au mfuko mgumu hadi juu ya kifundo.

Kwa farasi mzee ugonjwa huu mara nyingi una chanzo nje ya mguu. Kuna aliyevunja gunia la mahindi usiku, na kuna aliyelishwa mikate iliyobaki hotelini kwa huruma. Lakini kuna pia hitilafu ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo huwapata hasa farasi waliopita miaka 15. Dalili yake kubwa ni manyoya marefu yasiyopukutika, na katika joto la Mombasa mnyama wa namna hiyo haonekani wa kawaida hata kwa mpita njia. Hupimwa kwa damu, na dawa yake, pegolaidi, hutolewa kila siku maisha yake yote.

Je, kazi ya ufuoni inamdhuru?

Inategemea maji. Maji yakipwa, mchanga ulioachwa wazi ni mgumu kiasi na unafaa. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakijaa, hubaki ukanda mwembamba wa mchanga mlaini ulioinama, na farasi akipelekwa mbio hapo kano za nyuma ya miguu huvutika kupita kiasi. Ukano uliochanika huweza kuhitaji miezi 9 hadi 12 kupona. Panga safari za farasi mzee kwa majira ya maji, si kwa saa ambayo mgeni ameamka. Kusimama baharini maji yakiwa kwenye magoti hupoza mguu uliovimba, lakini hakutibu kilichouvimbisha.

Ninayo dawa ya maumivu. Nimpe?

Si kabla ya daktari kumwona, kwa kuwa dawa itaficha ule mwendo anaohitaji kuuona. Fenilibutazoni, inayotumika sana kwa farasi, humsaidia mzee mwenye viungo vilivyolika, lakini ikizidi huchoma tumbo na kuharibu figo, na haipaswi kuchanganywa na dawa nyingine ya jamii yake. Vidonge vya binadamu usimpe.

Daktari atafanya nini ambacho mimi siwezi?

Atakunja kiungo kwa takriban dakika moja na kumkimbiza ili aone kama maumivu yanaongezeka. Akitaka uhakika, atapiga ganzi sehemu moja baada ya nyingine kuanzia chini. Pale ambapo kuchechemea kunakoma, ndipo penye tatizo, na hapo ndipo eksirei itapigwa. Hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Anaweza kuendelea kupandwa?

Anayechechemea hapandwi mpaka sababu ijulikane. Kumpanda mnyama asiyefaa kazi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hata kama ni Desemba na wageni wamepanga foleni. Baada ya uchunguzi, farasi mwenye viungo vilivyolika mara nyingi hurudi kwenye kazi nyepesi: mpandaji mwepesi, kutembea tu, kwato kukatwa kila wiki 6 hadi 8, mwili usiozidi unene, na uwanja wa kuzurura mchana badala ya kufungwa bandani, kwani kusimama kutwa humkakamaza zaidi. Akifika mahali ambapo analala muda mrefu, anashindwa kuinuka bila msaada, hali chakula vizuri, na dawa haimpi tena nafuu, zungumza na daktari kuhusu kumpumzisha kwa sindano, na upange mapema mahali pa kumzika, maana mzoga wa kilo 400 au zaidi hauhamishwi kwa mkokoteni.