Kopo la Chooni na Huruma ya Wabudha

Kila nikianza kufundisha historia ya Ubudha huwauliza wanafunzi: mkisikia huruma ya Kibudha, mnaona nini? Jibu halibadiliki. Mtu kakunja miguu, kafumba macho, uso umetulia. Basi mimi huanzia chooni.

Mjini Kosambi, kaskazini mwa India, waliishi watawa wawili wenye wafuasi wengi, mmoja bingwa wa sheria za utawa, mwingine mhubiri. Siku moja mhubiri alitoka msalani akaacha maji kwenye kopo, jambo ambalo kwa kanuni zao ni kosa. Bingwa wa sheria akamkumbusha. Mwenzake akasema hakujua, yuko tayari kuungama. Akajibiwa kwamba kama hakukusudia, si kosa. Yangeishia hapo, lakini bingwa yule akaenda kuwanong'oneza wanafunzi wake kuwa mhubiri anakosea na hata hajui kama kakosea. Maneno yakafika upande wa pili, nao wakamwita bingwa mwongo: jana si kosa, leo kosa? Jumuiya ikapasuka. Buddha aliwasihi, wakamwomba kwa adabu kabisa akapumzike, ugomvi ni wao. Akaenda zake porini. Waliowaweza ni waumini wa mjini, ambao waliacha kuwapa chakula mpaka wakaja wenyewe kutafuta suluhu.

Habari ya kopo imo katika maelezo ya walimu wa baadaye, ila ugomvi wenyewe umo ndani ya Vinaya, yaani maandiko ya kanuni za watawa. Hilo hunipendeza. Wangeweza kuificha aibu ile, wakaihifadhi.

Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na Vinaya inalijua hilo. Katika mapokeo ya Theravada, tawi mojawapo la Ubudha, mtawa wa kiume ana kanuni 227, zinazosomwa mbele ya wote mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Lakini kwangu kilele ni siku ya Pavarana, mwisho wa miezi mitatu ya mvua ambayo watawa hukaa mahali pamoja bila kusafiri. Siku hiyo kila mmoja, mzee kwa kijana, huchutama, huunganisha viganja na kuwaomba wenzake: kwa mliyoyaona, mliyoyasikia au mnayoyashuku juu yangu, niambieni kwa huruma, nikiliona kosa nitalirekebisha. Neno huruma limewekwa hapo hapo, kwenye kukosoana! Huruma hiyo ina ukali wake, na anayeiomba ni yule atakayekosolewa.

Kisa kingine nikikisoma darasani watu hunyamaza. Buddha akizungukia makazi pamoja na Ananda, mtawa aliyekuwa msaidizi wake, alimkuta mtawa anaharisha, kalala katika uchafu wake. Akamuuliza, huna wa kukuuguza? Hana. Kwa nini? Akasema: kwa sababu mimi siwasaidii wenzangu kitu. Buddha akamwagia maji, Ananda akamsafisha. Kisha mmoja akamshika kichwani, mwingine miguuni, wakamlaza kitandani. Ndipo wakaitwa wote wakaambiwa kuwa hawana mama wala baba wa kuwauguza, wasipouguzana nani atawauguza? Anayetaka kunihudumia mimi, akasema, na amhudumie mgonjwa.

Watu huishia kwenye maneno hayo mazuri na kuruka yanayofuata. Yanayofuata ni utaratibu: mwalimu amuuguze mwanafunzi wake, mwanafunzi amuuguze mwalimu, mpaka apone. Asiye na mwalimu wala mwanafunzi ni mzigo wa jumuiya nzima, na jumuiya ikimtupa imekosa. Hakuna aliyeulizwa kama anajisikia kuhurumia. Sisemi tafakuri haina kazi, inayo sana. Ila siku za shida moyo huchoka mapema, na zamu ya kuuguza haingoji moyo.

Kambodia iliyaona hayo kwa ukubwa wa nchi. Kati ya 1975 na 1979 utawala wa Khmer Rouge uliwavua watawa mavazi yao, wengi wakauawa. Maha Ghosananda, mtawa aliyekuwa nje ya nchi, alipoteza ndugu zake wote. Alikwenda kuwahudumia wakimbizi kambini, mpakani mwa Thailand, na mwaka 1992 akaongoza matembezi ya amani kutoka mpakani hadi Phnom Penh, mji mkuu, watawa na wakimbizi wakitembea pamoja katika nchi iliyojaa mabomu ya ardhini. Vijijini watu waliwangoja kando ya barabara na ndoo za maji na ubani, wanyunyiziwe baraka. Wapo waliotoka kambini wakakutana njiani na ndugu waliodhani wamekufa.

Mwaka 1994 msafara ulinaswa katikati ya risasi, mtawa mmoja wa kiume na mmoja wa kike wakauawa. Mwaka uliofuata walitembea tena.