Kiwi imemwagika kwenye kapeti: maji yasubiri

Jumapili jioni ndiyo saa yake. Viatu vya shule vimepangwa sebuleni, kopo la kiwi liko wazi, mtu anapita anagonga, kopo linapinduka kifudifudi kwenye kapeti. Karibu kila nyumba hufanya jambo moja hapo: ndoo ya maji, sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Dakika tano baadaye doa lililokuwa kama kizibo cha soda limekuwa sahani ya kijivu, na manyoya ya kapeti yamesimama kama nywele za aliyetoka usingizini.

Kwanza tazama kilichomwagika. Nasema kiwi kama tunavyosema mtaani, yaani dawa ya viatu ya kampuni yoyote ile. Ya kopo ni nta iliyolainishwa kwa kimiminika cha jamii ya tapentaini, kisha ikatiwa rangi. Ndiyo maana kopo likiachwa wazi kiwi inakauka na kupasuka: tapentaini imeruka, nta imebaki. Maji na nta haviingiliani hata kidogo, kwa hiyo maji yakitangulia yanachokifanya ni kusambaza rangi tu. Kiwi ya maji, ile ya chupa yenye sponji mdomoni, ni habari nyingine kabisa, nitaifikia.

Pili, lijue kapeti lako. Mengi yanayouzwa madukani kwetu ni ya polipropilini, aina ya plastiki, machache ni ya nailoni au polyesta, na ya sufu ni ya kuhesabu. Kata nyuzi mbili tatu pembeni, mahali pasipoonekana, uzizamishe kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni na uziminye kwa vidole zitoe hewa. Zikielea, ni polipropilini. Zikizama, choma uzi mmoja kwa moto wa kiberiti, nje ya nyumba. Ukinuka nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, ni nailoni au polyesta. Sufu na nailoni hung'ang'ania rangi ya doa kuliko polipropilini, kwa hiyo kwenye hizo fanya haraka zaidi.

Sasa kiwi ya kopo. Usiifute. Weka vipande vya barafu ndani ya mfuko wa nailoni, uulaze juu ya doa dakika 10 hadi nta iwe ngumu. Chukua kijiko butu, kwangua kutoka ukingoni kuelekea katikati, na kila mkwanguo ukifute kijiko kwenye karatasi ya chooni. Mabonge yanayobaki kati ya manyoya yabane kwa vidole na kuyavunja. Kadiri unavyotoa nta ikiwa kavu ndivyo kazi inayofuata inavyopungua, kwa hiyo usione uvivu hapa. Ukimaliza pitisha vacuum kama unayo, kwa bomba tupu lisilo na brashi. Kama huna, okota makombo kwa mkanda wa gundi.

Kinachofuata ni kuyeyusha, na hapo unahitaji spiriti ya duka la dawa au tapentaini nyepesi ya wapaka rangi. Kwa nta tapentaini ina nguvu zaidi. Spiriti ni nzuri kwa rangi, nayo hukauka bila kuacha mafuta. Mimi huanza na tapentaini na kumalizia na spiriti. Ijaribu kila moja kwanza kwenye kona iliyofichwa, usubiri dakika 10 uone kama rangi ya kapeti inahamia kwenye kitambaa. Fungua madirisha, zima jiko, na kama kuna mkaa unaowaka barazani, usubiri uishe. Mvuke wa vitu hivi unashika moto.

Kimiminika kinatiwa kwenye kitambaa, hakimwagwi kwenye kapeti. Chini ya kapeti kuna gundi ya mpira inayoshikilia tabaka mbili. Tapentaini ikiifikia, gundi inalainika na baada ya muda kapeti linavimba mahali hapo kama chapati. Kijiko kimoja cha chai kwa mara moja kinatosha. Bonyeza, hesabu hadi kumi, inua, geuza upande safi, bonyeza tena. Hakuna kusugua. Kila mara toka ukingoni kwenda katikati. Doa la ukubwa wa kiganja linaweza kumaliza vitambaa vitano au sita, na hilo ni jambo jema: weusi ulioko kwenye kitambaa hauko tena kwenye kapeti. Kitambaa kiwe cheupe, cha pamba, kama taulo kuukuu au singlendi. Kanga mpya inachuja rangi yake yenyewe, na gazeti linaacha wino, kwa hiyo viache pembeni.

Kitambaa kikiinuka safi mara tatu mfululizo, sasa ndipo zamu ya sabuni. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa nusu lita ya maji vuguvugu, si zaidi. Sabuni nyingi hubaki ndani ya manyoya, hunata, na baada ya wiki mbili pale pale panavuta vumbi. Watu husema doa limerudi, kumbe ni sabuni. Bonyeza kwa kitambaa kilicholowa sabuni, kisha kwa kitambaa chenye maji matupu, mara nne hadi povu liishe kabisa.

Kiwi ya maji haitaki barafu wala tapentaini. Mara nyingi ni rangi, nta na plastiki laini vilivyotawanywa kwenye maji. Ikiwa bado mbichi, inyonye kwa kitambaa kikavu, kisha tumia maji baridi yenye sabuni ile ile, na inaweza kutoka yote. Ikikauka, inakuwa utando kama rangi ya ukutani na maji hayaigusi tena. Hapo kinachofaa ni spiriti peke yake, kwa mtindo ule ule wa kubonyeza, na subira.

Mara nyingine kinabaki kivuli. Weusi wa kiwi nyingi unatokana na masizi laini sana, na masizi hayang'arishwi na dawa yoyote, kwa kuwa ni kaboni. Yanatoka kwa kuinuliwa tu: rudia spiriti na sabuni. Lakini kivuli cha kahawia au chekundu huenda ni rangi iliyoingia ndani ya uzi, na hicho kinaweza kusikia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Ikiwa uliyopata ni ya asilimia 6, changanya na maji kiasi sawa. Dondosha matone machache, acha dakika 30, bonyeza kwa maji. Kwenye sufu ya rangi nzito nisingeithubutu bila kuijaribu pembeni.

Jiki sahau. Inayeyusha sufu, inageuza nailoni kuwa ya njano, na ikikutana na siki au amonia inatoa hewa inayochoma mapafu. Mafuta ya taa yanayeyusha nta kweli, ila yanaacha mafuta na harufu inayokaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Petroli ni kuhatarisha nyumba nzima kwa ajili ya doa. Thina na dawa ya kutoa rangi ya kucha zinashambulia gundi ya chini. Pasi juu ya karatasi, ile mbinu ya nta ya mshumaa, haifai hapa: joto linazamisha nta pamoja na rangi yake, na polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, wakati pasi ya pamba inafika 200.

Kwenye mswala mwembamba usio na gundi chini kuna njia rahisi zaidi. Ulaze kifudifudi juu ya taulo jeupe, bonyeza spiriti kutoka mgongoni, na kiwi itoke kwa mlango ilioingilia.

Kukausha ndiko wengi wanakokosea mwishoni. Kapeti linapokauka, unyevu unapanda kutoka chini hadi kwenye ncha za manyoya, na rangi iliyozama inapanda nao. Asubuhi unaona duara la kijivu. Basi usiku ule weka taulo jeupe lililokunjwa mara nne juu ya sehemu iliyolowa, juu yake mfuko wa nailoni, juu yake ndoo iliyojaa maji au matofali mawili. Rangi itaishia kwenye taulo. Asubuhi washa feni, changanua manyoya kwa vidole. Kama bado kuna ncha nyeusi kwenye kapeti lenye manyoya marefu, chukua mkasi mdogo wa kucha uzikate milimita moja tu, uzi kwa uzi, bila kuvuta.