Maporomoko ya jirani ni kumbukumbu zetu pia

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua iliangusha miteremko na kufurisha mito magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha. Jioni ya Mei 4, ng'ambo ya Ziwa Kivu, matope na mawe yakavifunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, Kongo. Waliokufa huko walizidi 400. Ziwa ni lilelile, msimu ni uleule, na milima ya pande zote mbili ni mikali na imelimwa mpaka juu. Kati ya msiba na msiba zilipita karibu siku mbili.

Mimi ni mjiolojia wa miteremko hapa Dar es Salaam, na siku hizo mbili hunijia kila ninaposikia habari za ushirikiano wa kanda. Kwa upande wa mvua tumefika mbali. Tanzania si mwanachama wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, lakini kituo cha hali ya hewa cha jumuiya hiyo, ICPAC, hutoa mwelekeo wa msimu unaotuhusu sisi, Rwanda na Burundi. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa, TMA, nayo ina jukumu la kikanda la kusaidia utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa nchi za Ziwa Victoria. Hizi ni kazi kubwa. Ila tahadhari ya mvua hutaja mkoa, haikutajii korongo.

Korongo hutajwa na historia yake. Mteremko unaoporomoka huwa umekunywa maji kwa siku nyingi kabla. Maji yakijaa kwenye vinyweleo vya udongo, uzito unaongezeka huku msuguano uliokuwa ukiushikilia ukipungua, hadi mvua ya saa chache inamalizia kazi. Ndiyo maana mvua ileile inapita salama Oktoba na kuua Desemba. Kwa maporomoko ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, Desemba 3, 2023, maelezo ya Serikali yalikuwa kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhoofu ilinyonya maji ikameguka. Tope lilibeba mawe na magogo kupitia mikondo ya mlima hadi mji wa Katesh, na wengi waliofunikwa hawakuwa wakiishi mlimani. Hanang ni volkano iliyozimika. Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, pia ni volkano ya kale, na upande wake wa Uganda, huko Bududa, mteremko ulifukia kijiji cha Nametsi Machi 1, 2010. Mkulima wa Bududa ana mengi ya kumwambia mkulima wa Gendabi au Jorodom, chini ya Hanang, na sijaona sababu ya maana ya kusubiri mawaziri wakutane kwanza.

Angemwambia nini? Kwamba ufa uliopinda kama mwezi mchanga juu ya shamba si wa kufukia kwa udongo na kusahau. Kwamba chemchemi ikiibuka mahali pakavu, au miti na nguzo zikianza kuinama, kuna kitu kinasogea. Kwamba mto ukipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, huenda umezibwa juu, na wa kukimbia akimbilie pembeni kupanda kingo, asifuate bonde kushuka.

Na watu wa Gofa, Ethiopia, wana somo lao la uchungu. Julai 2024 majirani walikimbia kufukua waliofunikwa, na mteremko ukashuka tena juu yao. Kwa jumla walikufa zaidi ya 200. Sisi pia tukisikia kilio hukimbia na majembe, na sitaki tuache. Nataka kila kamati ya maafa ya kijiji iwe na mtu ambaye kazi yake pekee siku hiyo ni kusimama mahali salama akiutazama mteremko, na filimbi mdomoni.

Tunachokosa zaidi ni daftari la pamoja la maporomoko, hasa yale madogo ambayo hayakuua mtu na kwa hiyo hayakutangazwa popote. Hayo ndiyo yanayoonyesha ardhi inaanza kukatika kwa mvua ya kiasi gani. Kipimamvua shuleni, kikisomwa kila asubuhi, kinatosha kuanzia.

Dar si ya milima, lakini kingo za mabonde yetu ni mchanga na mfinyanzi, na watu wanazikata kupata viwanja. Mji huu unajua kujichora: kupitia Ramani Huria, iliyoanza 2015, wanafunzi na wakazi walichora mitaa na maeneo ya mafuriko. Kingo zilizokatika zinaweza kuingizwa kwa njia hiyohiyo. Kama masika iliyopita ilikata kingo jirani na kwako, mpelekee mwenyekiti wa mtaa tarehe, mvua ilikuwa imenyesha siku ngapi, na picha yenye mtu amesimama pembeni, umbali ulio salama, ili ukubwa uonekane.