Kwa panya, baba anatoa Y lakini mama naye ana mkono wake

Ile ya shuleni wote tunaijua, mama anatoa kromosomu X, baba X au Y, ikija Y ni dume, kwisha habari. Kwa panya wa maabara ni kweli ila ni nusu ya stori.

Kwenye Y kuna jeni inaitwa Sry. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza waliripoti kwamba waliichukua hiyo jeni peke yake wakaipachika kwenye yai lililorutubishwa la XX, yaani alitakiwa awe jike kabisa, akazaliwa panya ana korodani na anapanda majike vizuri tu, kuzalisha ndo hakuweza. Sasa Sry haina muda mwingi, inawaka kama siku ya 11 ya mimba (yote ni siku 19 hadi 21), inaamsha jeni nyingine, Sox9, na hiyo ndo inayosukuma kazi ya kujenga korodani. Ikichelewa au ikiwaka kinyonge, tezi changa ya uzazi inaelekea kuwa ovari.

Kuna Y ya panya wa Poschiavo, bonde moja huko Uswisi, kwao inatoa madume bila shida. Wapandishe na majike wa C57BL/6, ukoo wa panya wa maabara, kizazi baada ya kizazi, unaanza kuona watoto wa XY wenye ovari, au mchanganyiko wa ovari na korodani. Y ni ileile! Kilichobadilika ni jeni zingine, zile za ukoo wa mama.

Halafu 2025 Wajapani wakaleta ya madini chuma. Kuna kimeng'enya, KDM3A, kinachoifungua Sry iweze kusomwa, na bila chuma hakifanyi kazi. Panya wenye mimba wakipunguziwa chuma kwa dawa, baadhi ya watoto wa XY wakatoka na ovari. Kwa chakula tu ilitokea pale mtoto alipokuwa na jeni mbovu ya hicho kimeng'enya. Na jamani, asije mtu akasema mjamzito akiruka vidonge vya kliniki mtoto wa kiume anageuka, hiyo haijaonyeshwa kwa binadamu, vile vidonge ni vya kuzuia upungufu wa damu, mezeni.

Ila kiboko yao ni Mus minutoides, kapanya kadogo sana ka kusini mwa Afrika. Baadhi wana X iliyobadilika inayoishinda nguvu Y, kwa hiyo XY huyo ni jike, anazaa, na wanawe wa kiume Y wameipata kwa mama, X kwa baba.