Mwandishi wa hotuba ni nani hasa?

Mwandishi wa hotuba ni mtu anayeandika maneno ambayo kiongozi atayasema kama yake. Si msemaji, maana msemaji husimama mbele ya kamera na jina lake likatajwa. Huyu hatajwi popote. Si mtu wa itifaki pia, ingawa asipowasikiliza watu wa itifaki atakosea mpangilio wa waheshimiwa kwenye salamu na siku itaharibika mapema. Ofisi kubwa zinaweza kuwa na mtu wa kazi hiyo tu. Huku chini, wizarani na kwenye halmashauri, kazi humwangukia afisa habari, mchumi, au yeyote ambaye bosi aligundua kwamba "anaandika vizuri".

Kwetu Tanzania hotuba ina jirani yake, risala, na wengi huzichanganya. Wenyeji ndio wanaosoma risala: mradi ulivyoanza, changamoto, kisha maombi. Mgeni rasmi hujibu kwa hotuba. Kwa hiyo anayeijua kazi huanza kwa kuisaka nakala ya risala siku mbili tatu kabla. Mimi nililijua hilo kwa aibu. Nilimwandikia kiongozi mmoja hotuba ya ufunguzi wa zahanati, na risala niliyotumiwa iliomba gari la wagonjwa. Usiku wa kuamkia sherehe wenyeji wakaibadilisha, wakaomba uzio na nyumba ya mganga. Kiongozi akasimama, akasoma kwa sauti nzito kwamba ombi lenu la gari nimelisikia na nitalifanyia kazi. Makofi, vigelegele. Katika risala ya siku ile hakuna aliyeomba gari, na sasa lilikuwa limeahidiwa.

Watu hudhani kazi hii ni ya maneno matamu na methali mbili za kufungulia. Sehemu kubwa ni kuwafanya watu waamue. Idara huleta kitu kama hiki: "Serikali itaendelea na jitihada za kuhakikisha suala zima la upatikanaji wa maji safi na salama linapewa kipaumbele kwa kushirikiana na wadau." Hakuna wa kuipinga sentensi hiyo kwa kuwa haisemi kitu. Sasa iandike upya: "Ifikapo Juni mwakani, maji yatatoka kwenye mabomba ya kata hii." Simu zinaanza. Juni kasema nani? Mkandarasi kalipwa? Mbona kata hii na si ile ya jirani? Mhandisi anataka iandikwe "hivi karibuni", mhasibu anataka ifutwe kabisa. Lakini tarehe ya sherehe haisogei, na neno likishatoka kinywani mwa mkubwa mbele ya watu, walio chini yake hulichukua kama agizo. Kwa hiyo lazima mtu aseme ndiyo au hapana kabla ya asubuhi. Nimeona jambo lililolala mezani kwa miezi likiamuliwa jioni moja kwa sababu ya aya moja.

Za bungeni ni aina nyingine. Hotuba ya bajeti ya wizara Dodoma huandikwa kwa aya zenye namba, nyingi zikianza na "Mheshimiwa Spika", hadi "naomba kutoa hoja". Kila idara inavutia aya yake iingie. Huwa ndefu kiasi kwamba waziri husoma sehemu tu na kuomba yote iingizwe kwenye Kumbukumbu Rasmi za Bunge. Kwangu hicho ni kitabu, na anayekiandaa ni mhariri.

Ya jukwaani hupimwa kwa pumzi. "Yatakapokuwa yamekwishakamilishwa" ni Kiswahili halali kabisa kwenye karatasi. Mpe mtu alisome juani saa saba mchana uone. Ndiyo maana mwandishi hujifungia na kuisoma rasimu kwa sauti, na ulimi unapokwama anakata. Shilingi 3,478,215,600 inakuwa "karibu bilioni tatu na nusu". Tarakimu kamili zibaki kwenye taarifa. Herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na sentensi isianze ukurasa huu ikaishia ule, kwa sababu kufunua kurasa kwenye upepo ni kazi nyingine. Waliomsikiliza Mwalimu Nyerere Novemba 1978, vita na Idi Amin ikianza, waliondoka na maneno matatu: uwezo, sababu, nia. Hayo mtu anaweza kuyabeba hadi nyumbani bila karatasi.

Na sifa? Ni za kiongozi aliyeisoma, kama lawama zilivyo zake. Ted Sorensen alimwandikia John F. Kennedy wa Marekani, ambaye hotuba yake ya kuapishwa ya 1961 inakumbukwa kwa sentensi inayoanza "Usiulize nchi yako itakufanyia nini". Kila alipobanwa aseme nani hasa aliiandika, Sorensen alikuwa na jibu la utani: "Usiulize."

Kenya wana utaratibu unaoionyesha mipaka ya kazi hii vizuri kuliko maelezo yangu. Sikukuu za taifa, Rais husoma hotuba iliyoandikwa kwa Kiingereza, na hotuba hiyohiyo makamishna wa kaunti huisomea wananchi kwenye viwanja vyao. Akimaliza, Rais anaweka karatasi pembeni na kuanza Kiswahili: utani, vijembe kwa wapinzani, hata ahadi ambayo haikuwa kwenye rasimu yoyote. Kamishna kule kwenye kaunti yake hana sehemu hiyo, ana karatasi tu. Mwandishi naye, popote alipo uwanjani, anasikiliza kama sisi wengine, na kesho kichwa cha habari huenda kikatoka hapo.