Shimo Chini ya Msingi: Nini Kimefukiwa Chini ya Dodoma

Kiangazi kilichopita niliitwa haraka kwenye kiwanja kimoja hapa Dodoma, hatua chache kutoka reli ya zamani. Vibarua walikuwa wakichimba msingi wa nyumba ya ghorofa. Mmoja wao alishusha mtaimbo, ukapita kama unachoma uji, na kutoka chini ikasikika sauti ya kokoto zikidondokea majini. Nilipofika, mtaa mzima ulikuwa umeshalizunguka tundu lenye upana wa mdomo wa ndoo, na habari ilikuwa imeshakamilika: hili ni handaki la Mjerumani, linatokea stesheni, ndani mna rupia, sarafu za enzi hizo. Kijana mmoja alikuwa ameshavua shati na kujifunga kamba kiunoni.

Nilimsihi asubiri robo saa tu. Tukashusha kipima hewa kwa kamba. Mita mbili na nusu kwenda chini, oksijeni ilisoma asilimia 13. Hewa tunayovuta mimi na wewe ina karibu asilimia 21. Tukashusha na kamera yenye taa. Picha ikaonyesha ukuta wa mviringo wa matofali ya kuchoma, mzizi wa mwembe ukining'inia, maji meusi yaliyotulia, na upande mmoja mdomo wa bomba la udongo. Lilikuwa karo la choo. Mzee mmoja jirani akakumbuka kwamba zamani palikuwa na nyumba pale, ikabomolewa, na karo likafunikwa kwa bamba la zege kisha udongo. Nondo za lile bamba zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zikawa nyembamba kama njiti za kiberiti. Na ghorofa ilikuwa isimame juu ya hapo.

Mimi ni mjiolojia wa uhandisi. Kazi ya kitengo chetu ni kuipima ardhi kabla haijabebeshwa mzigo, na miito ya namna hii inaongezeka kadiri jiji linavyopanuka. Ndiyo maana naandika.

Kwanza hao Wajerumani. Reli yao ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma mwaka 1910. Vita vilipokuja, Waingereza waliuteka mji Julai 1916. Watu waliona wageni wakichimba, wakajenga maboma ya mawe yenye kuta nene, kisha wakaondoka ghafla. Kwa hiyo simulizi za mali iliyofichwa zina pa kuanzia, na siwacheki wanaozisimulia. Ninachosikitikia ni kinachofuata. Wako waliochimba hata chini ya miamba yenye michoro kule Kolo, Kondoa, eneo ambalo liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tabaka za udongo pale ni kumbukumbu ya maelfu ya miaka. Ukizichanganya kwa sururu usiku mmoja, hakuna mtaalamu anayeweza kuzipanga tena. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kufukua maeneo ya namna hiyo bila leseni, na inakataza kwa sababu ya msingi.

Swali la pili ni la mwamba wenyewe. Handaki refu linahitaji mwamba unaokubali kuchongwa au kuyeyuka. Kule Derinkuyu, Uturuki, mwaka 1963 mtu aliyekuwa akikarabati nyumba yake alivunja ukuta akakuta njia ya kuingia mji mzima wa chini ya ardhi, wenye kina cha mita 80 na zaidi. Mwamba wa kule ni majivu ya volkano yaliyoshikana, unachongeka kwa patasi. Mapango ya Amboni, Tanga, yako kwenye chokaa, na chokaa huyeyushwa na maji ya mvua taratibu kwa maelfu ya miaka. Hata huko, wanaosema yanafika Mombasa au Kilimanjaro wanazidisha mno: upimaji wa mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote lina takriban mita 900. Dodoma sisi tumekalia matale, yaani mwamba mgumu wa graniti. Tazama mlima Mlimwa, tazama mawe yaliyorundikana kando ya barabara kila uendako. Matale hayayeyuki, na kuyatoboa kwa nyundo na patasi ni kazi ya kuzeesha. Mapango yetu mengi ni vivuli vya miamba iliyopangana. Ukitaka kupita kwenye handaki la kweli, panda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam. Milima ya Kilosa imetobolewa kwa mitambo, na kila mita iko kwenye michoro ya wahandisi.

Basi chini ya Dodoma kuna nini? Kuna makaro na mashimo ya vyoo yaliyosahauliwa, mengi kuliko yote. Kuna visima vya kuchimbwa kwa mkono vilivyofunikwa kwa mbao na bati. Kuna makalavati ya zamani ambayo barabara yake imehamishwa. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: njia zinazochimbwa na maji yenyewe.

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona nyumba zikipasuka kwa ajili yake. Baadhi ya udongo una chumvi nyingi ya sodiamu. Ukiwa mkavu ni mgumu kama tofali. Maji ya mvua yakiugusa, hausubiri kusombwa. Unatawanyika wenyewe, maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Sasa maji yakipata upenyo mdogo, tuseme mzizi uliooza, tundu la panya au ufa wa kiangazi, yanapita humo na kutoka na udongo. Msimu wa kwanza tundu linaingiza kidole, baada ya misimu kadhaa linaingiza mtoto. Juu nyasi zimesimama kama kawaida. Siku dari linapoanguka, unakuta korongo ambalo jana halikuwepo. Dalili zake zinaonekana ukizitafuta: vishimo vidogo vilivyojipanga kwenye mstari mmoja kuelekea korongoni, na maji ya tope yanayotoka chini ya ukingo wakati juu ni pakavu. Fanya jaribio dogo nyumbani. Weka kibonge cha udongo mkavu wa kiwanja chako kwenye glasi ya maji safi, usikoroge. Kikizungukwa na wingu jeupe ndani ya dakika chache, muite mtaalamu kabla hujamwaga zege, na usielekeze maji ya bati karibu na msingi.

Wazee wa Kigogo wanasema jina la mji huu latokana na *idodomya*, mahali tembo aliposhuka kunywa maji akazama. Mimi nikiisikia simulizi hiyo naisikia kama taarifa ya udongo.

Tuje kwenye hewa, maana hapa ndipo watu wanapofia. Shimo lililofungwa muda mrefu lina hewa iliyoliwa na vijidudu vinavyoozesha. Oksijeni imepungua, na mahali pake pana kabonidayoksaidi, ambayo ni nzito na hukaa chini. Kwenye karo kuna pia hewa yenye harufu ya yai bovu. Ikiwa kidogo utainusa. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani imeisha. Anaishiwa nguvu bila kupata muda wa kuita. Wa juu anaona mwenzake kalala, anashuka kumwinua, naye analala. Anafuata ndugu wa tatu. Ndivyo familia moja inavyozika watu watatu siku moja, na wote walikuwa watu wema waliotaka kuokoa.

Mbinu ya kushusha kibatari kuona kama kitazimika si salama. Moto huzimika oksijeni ikifika karibu asilimia 16, lakini hausemi lolote kuhusu sumu, na karo lenye methani linaweza kulipuka usoni mwako. Wala usishushe pampu ya petroli kisimani: moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiwa ameshatumbukia, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mshike kwa nguvu yeyote anayetaka kumfuata. Makalavati nayo yasiwe uwanja wa watoto kuanzia Desemba hadi Aprili. Mvua inaweza kunyesha vilimani huku mjini jua linawaka, na maji yakafika kwa kishindo.

Sasa nisemee karatasi, yaani kuandika na kutunza kumbukumbu za kilicho chini. Chicago, Marekani, kuna mtandao wa mahandaki wa karibu kilomita 100 uliochimbwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya vitreni vya mizigo. Kazi ilisimama mwaka 1959 na watu wakaanza kuyasahau. Mwaka 1991 mkandarasi aligongelea nguzo kwenye kitanda cha mto, juu kidogo ya handaki mojawapo. Ukuta ukapata ufa. Mwanzoni mwa 1992 mafundi wa nyaya waliona tope likiingia, wakapiga picha, taarifa ikazunguka maofisini. Matengenezo yalikadiriwa kugharimu dola 10,000 hivi. Tarehe 13 Aprili 1992 mto ukaingia. Vyumba vya chini vya katikati ya jiji vikajaa maji, samaki wakionekana humo, umeme ukakatwa, maelfu wakatolewa maofisini. Hasara ilikadiriwa kufika dola bilioni moja.

Paris walijifunza mapema zaidi. Baada ya barabara kudidimia mwaka 1774 kwa sababu ya machimbo ya mawe yaliyosahauliwa, mwaka 1777 aliteuliwa mkaguzi, Charles-Axel Guillaumot. Watu wake waliingia chini, wakajenga nguzo za kushikilia jiji, na kuchonga kwenye kuta jina la mtaa ulio juu pamoja na mwaka wa kazi. Maandishi hayo yanasomeka hadi leo.

Dodoma imetangazwa makao makuu mwaka 1973 na kuwa jiji mwaka 2018. Mengi yaliyo chini bado yako kwenye vichwa vya watu walio hai: fundi aliyejenga, mama aliyefua jirani ya kisima, mzee wa mwembe. Tunaweza kuwauliza leo. Ukiacha kutumia karo, lisifunikwe tu: linyonywe, livunjwe bamba, lijazwe moramu na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Kisha pima kwa utepe wa futi kutoka kwenye bikoni mbili za kiwanja, zile alama za mipaka, andika, na nakala ipelekwe ofisi ya mtaa na ofisi ya ardhi. Ukinunua kiwanja cha zamani, muulize muuzaji choo kilikuwa wapi kabla hujauliza bei ya mwisho.

Lile karo la karibu na reli tulilijaza kwa siku tatu. Yule kijana wa kamba alishika ncha ya futi wakati napima, akasoma namba mwenyewe: mita 6.4 kutoka bikoni ya kaskazini, mita 9.1 kutoka ya mashariki. Ziko kwenye ramani sasa.